Giza la Roho: Maneno ya Kiingereza Yanayoingia Nyumbani Mwetu



Watoto wetu wa sekondari wanarudi nyumbani siku hizi na maneno ya Kiingereza mdomoni. Mengine yanafika kwa simu, redio na muziki. Binti anakataa chakula. Ukimuuliza ana nini, anajibu "I am down". Mama aliyejifungua juzi analia kitandani, na mtu wa maternite anasema ni "baby blues" tu. Hata ndugu zetu waliopokelewa Marekani kama wakimbizi wanaulizwa huko hospitalini maswali juu ya "depression". Maneno haya yote yanahusu roho iliyoingia giza. Lakini hayana uzito mmoja, na kwa mama mzazi tofauti hiyo inaweza kuokoa maisha. Kwa hiyo wiki hii tuyachambue moja moja.

Giza la uso na giza la siku

Tuanze na "gloom", linalosomwa "gluum". Leo lina maana mbili: giza hafifu, kama la chumba chenye madirisha yaliyofungwa, na huzuni inayomfunika mtu. Tungedhani maana ya giza ndiyo iliyotangulia. Kumbe ulitangulia uso: zamani neno hili lilimaanisha kununa, kukunja uso. Maana ya giza ilikuja baadaye, na mshairi John Milton, wa karne ya 17, ni mmoja wa watu wa kwanza kulitumia hivyo. Hapo tunaelewana na Waingereza bila shida: mama akinuna, nyumba yote inaingia giza.

"Dismal" lilitoka katika Kilatini, na maana yake ilikuwa "siku mbaya". Kalenda za zamani za Ulaya zilikuwa na siku 2 za mkosi kila mwezi, ambazo watu waliogopa kuanza jambo jipya. Leo linatumika kwa kitu chochote kinachoondoa furaha: mvua isiyokatika, nyumba isiyo na moto, matokeo mabaya ya mtihani.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Kwetu karibu na ikweta jua linazama karibu saa 18 mwaka mzima. London, mwezi wa Desemba, linazama kabla ya saa 16. Madaktari wanajua kuna huzuni inayorudi kila majira ya baridi, mwanga unapopungua. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza mwaka 1984, na herufi za kwanza za jina lake ni SAD. Kwa Kiingereza, "sad" ni mwenye huzuni.

Nyongo, mbwa na rangi ya buluu

"Melancholy" ni ndugu wa "mélancolie" ya Kifaransa. Yote mawili yametoka kwa Wagiriki, na maana yake ni "nyongo nyeusi". Waganga wao waliamini mwili una maji ya aina 4: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Hiyo nyeusi ikizidi, walisema, mtu anahuzunika. Mama yeyote aliyewahi kupasua kuku anajua nyongo ikipasuka nyama yote inakuwa chungu, kwa hiyo wazo lao tunalielewa. Ila nyongo nyeusi haipo mwilini, na udaktari umekwisha kuliacha fundisho hilo. Limebaki neno tu.

Samuel Johnson, aliyetoa kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, aliita huzuni yake "mbwa mweusi". Winston Churchill, aliyeongoza Uingereza wakati wa vita ya pili ya dunia, alitumia jina hilohilo. Tuone basi: mtu mwenye elimu na mtu mwenye mamlaka, wote wawili walifuatwa na mbwa huyo. Huzuni ya namna hii haitokani na uvivu wala upungufu wa akili.

"Blues" lilitoka kwa "mashetani ya buluu", ambayo Waingereza wa zamani waliyasingizia kuleta huzuni. Watu weusi wa Marekani waliufanya kuwa muziki wa kutoa uchungu moyoni. Mwaka 1920 Mamie Smith aliimba "Crazy Blues", na sahani yake ikanunuliwa sana.

Siku chache au wiki nyingi?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. "Baby blues" ni huzuni ya siku za kwanza baada ya kuzaa. Mama analia bila sababu, anakasirika upesi, anachoka. Inawapata wamama wengi sana, na kwa kawaida inaisha ndani ya wiki 2, akipata usingizi, chakula na watu wa kumsaidia.

"Depression", sawa na "dépression" ya Kifaransa, limetoka katika neno la Kilatini lenye maana ya kukandamiza chini. Huu ni ugonjwa. Wiki 2 zinapita na hali haibadiliki. Mama halali hata mtoto akilala. Hasikii njaa. Hana furaha ya kitu chochote, anajiona mama mbaya, na pengine hasikii upendo kwa mtoto wake. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema katika nchi zinazoendelea karibu wanawake 20 kwa 100 wanapata shida ya akili baada ya kuzaa, hasa ugonjwa huu. Tukiwa wamama 10 kwenye kikundi, tufanye hesabu wenyewe.

Hatari iko hapa: kusema "ni baby blues tu" wakati wiki ya tano imefika.

Sisi tunasemaje?

Kiswahili cha vitabu kina neno "sonona". Lakini jirani yako hatakuambia ana sonona. Atasema: "Niko na mawazo mingi", "Roho inaniuma", "Moyo uko mzito". Kule Zimbabwe, Washona wanasema "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alianza huko mwaka 2006 na bibi 14, waliofundishwa kukaa kwenye benchi karibu na kituo cha afya na kumsikiliza mwenye mawazo. Bibi hao walitumia neno la kwao, na watu wakafunguka.

Basi, wamama, tukimtembelea mzazi tusiulize habari za mtoto peke yake. Tumuulize: "Na wewe, unalala? Unakula? Mawazo yako vipi?" Tuhesabu siku. Zikipita wiki 2, tumsindikize kwenye kituo cha afya. Akisema anataka kufa, au anaogopa atamdhuru mtoto, tusingoje hata siku moja, wala tusimwache peke yake. Tusimwambie ajikaze, wala tusiseme amerogwa.

Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Jina la ugonjwa liwe la Kiingereza, la Kifaransa au la kwetu, muhimu ni mama apate mtu wa kumwambia.