Asali Unayonunua Kariakoo na Uhai wa Nyuki

Chupa mbili za asali zaweza kupangwa pamoja juu ya meza moja Kariakoo, zikalingana kwa ujazo na hata kwa bei, ilhali moja imetoka katika mzinga ambao nyuki wake wangali hai na nyingine katika mzinga uliochomwa moto. Fedha ya mnunuzi huendeleza mojawapo ya njia hizo mbili, ajue asijue.

Mikoa inayosifika zaidi kwa asali nchini, kama Tabora, Katavi, Kigoma na Singida, ipo mbali na Dar es Salaam, na mambo yanayotendeka huko mnunuzi hayaoni. Mrina asali asiye na mavazi ya kujikinga huuendea mzinga usiku kwa mwenge. Nyuki huteketea, masega yote hukatwa pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki, na kundi zima hupotea. Pengine hata msitu hushika moto. Tena, mzinga wa gome hupatikana kwa kuambua mti ngozi yake kuuzunguka wote. Mti huo hufa, nao huenda ulikuwa ukiwapa nyuki maua. Mfugaji aliyefundishwa hutumia mzinga wa sanduku wenye vibao, hupuliza moshi kidogo, huchukua masega yaliyokwisha kuzibwa kwa nta, na huacha majana pamoja na akiba ya chakula. Msimu ujao huurudia mzinga uleule.

Dalili za urinaji mbaya ni harufu kali ya moshi, chembe za majivu, na ukungu mweupe unaotokana na majana yaliyokamuliwa pamoja na asali. Rangi nyeusi peke yake haitoshi kuihukumu asali, kwa kuwa rangi hutegemea maua. Wala kuganda si ushahidi kwamba imetiwa sukari: asali halisi huganda, na chupa ikiwekwa katika maji ya vuguvugu hulainika. Kuhusu kijiti cha kiberiti na tone la asali mchangani, majaribio ambayo wauzaji hupenda kuyaonyesha, hayathibitishi lolote. Povu na harufu ya uchachu huashiria asali iliyorinwa kabla haijakomaa. Iliyokomaa kwa kawaida haina maji zaidi ya asilimia 20. Asali ya nyuki wadogo wasiouma ni tofauti, maana uchachu ndio ladha yake.

Muulize muuzaji asali imerinwa wapi, lini, na kwa mzinga wa namna gani. Tafuta lebo yenye jina la mfungashaji na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Chupa ya pombe iliyosafishwa na kujazwa asali haikuelezi chochote, hata ikiwa asali yenyewe ni njema.

Hutokea pia nyuki wakatua mjini kwenye mti, nguzo au paa. Mara nyingi ni kundi linalotafuta makazi, na huweza kuondoka lenyewe baada ya siku chache. Wasipigwe mawe, wasimwagiwe petroli wala kupuliziwa dawa ya wadudu. Watoto na mifugo wasogezwe mbali, kisha apigiwe simu mfugaji wa nyuki, au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114 iwapo watu wako hatarini.