Ramani ya Mafuriko Haichorwi Ofisini

Joto la hewa likipanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi, uwezo wa hewa hiyo kubeba mvuke huongezeka kwa takriban asilimia 7. Hii ni mojawapo ya sababu za wanasayansi kutarajia kwamba mvua kubwa zitazidi kuwa kali. Lakini mama mwenye nyumba Jangwani, jijini Dar es Salaam, anayetaka kujua masika haya maji yatamfikia wapi, hesabu hiyo haimsaidii. Vielelezo vya hali ya hewa ya dunia huigawa ardhi katika miraba, na upande wa mraba mmoja mara nyingi ni makumi ya kilomita, pengine hata mia. Katika mraba wa namna hiyo Mto Msimbazi hauonekani, sembuse mtaro ulioziba nyuma ya nyumba katika kata ya Kigogo.

Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Misitu ya huko juu imekatwa, udongo umebaki wazi, na kila mvua hushusha mchanga hadi Jangwani, mahali ambapo mteremko ni mdogo mno kuusukuma mbele. Mto unazidi kupungua kina, maji yanapanda barabarani. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu, Tume ya Sayansi na Teknolojia na shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walipita Tandale, Kigogo, Buguruni na kata nyingine wakiongozana na wakazi, mkononi wana simu, vifaa vya GPS na picha zilizopigwa na droni. Droni huona bati. Haioni mtaro uliofunikwa kwa zege, wala haijui kwamba mtaro huo unaishia ukutani kwa mtu. Kwa hiyo mitaro ilipimwa kwa miguu: upana wake, kina chake, imejengwa kwa nini, imeziba au inapitisha maji.

Kisha kuna kumbukumbu. Mkazi anayesema maji yalimfika kiunoni ametoa kipimo, na kipimo hicho hushughulikiwa kama vipimo vingine vyote: unauliza ni mvua ya mwaka gani, alikuwa amesimama wapi, jirani yake anasemaje, na alama iliyobaki ukutani inasemaje. Majibu ya nyumba nyingi yakilinganishwa na mwinuko wa ardhi, mtaalamu huweza kuona mahali kielelezo chake cha mafuriko kilipokosea na kukirekebisha. Hapo ndipo ushirikiano huu hunivutia kuliko popote, kwa sababu kila upande unaweza kumsahihisha mwenzake.

Mipaka ya mashina, yaani vikundi vya nyumba ndani ya mtaa, nayo ilikuwa vichwani mwa wajumbe wanaoyaongoza. Wajumbe walitembea na wapimaji wakiwaonyesha shina linaanzia wapi na kuishia wapi, mpaka ikapatikana ramani ambayo mtoa msaada anaweza kuitumia usiku wa mafuriko.

Kuna jambo zito ambalo wataalamu wengi hulipita haraka. Ramani inayoonyesha nyumba iliyo hatarini inaweza pia kumwonyesha mtu nyumba ya kubomoa. Mwishoni mwa 2015 wakazi wa bonde la Msimbazi waliona nyumba zao zikipigwa alama ya X na tingatinga zikiingia. Mtu aliyeshuhudia hayo ana haki ya kumuuliza mwanafunzi mwenye kishikwambi: taarifa hizi zinakwenda kwa nani? Swali hilo lijibiwe kabla ya kipimo cha kwanza, tena kwenye mkutano wa mtaa, mwenyekiti na wajumbe wakiwapo. Ramani ikikamilika ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwa ukubwa ambao mtu atatambua nyumba yake na kusema kama imewekwa mahali pasipo pake.

Sasa bonde hilo lina mradi mkubwa wa kuliendeleza, unaojumuisha daraja jipya la Jangwani na kuhamishwa kwa watu, na maamuzi yake yanafika hadi kwenye mita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Lakini Msimbazi unakula kingo zake; nyumba iliyojengwa mbali na maji inaweza kujikuta ndani ya mita hizo ilhali mwenyewe hajasogeza hata tofali. Picha za setilaiti zitaonyesha ukingo ulivyohama mwaka hadi mwaka. Mvua ipi iliukata, na ukuta wa nani ulianza kuzuia mkondo, hayo wataeleza wanaoishi pale, na maelezo yao yanapaswa kuwa mezani siku mpaka wa mita 60 unapochorwa.