Nani Kasema Kiswahili Hakiwezi Fizikia?

Wapo wasomi wetu washikiliao kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na siasa tu, na kwamba sayansi ya kina haielezeki kwacho. Hapa Makutano, ambapo Kimeru, Kiembu na Kiswahili hukutana kila uchao, dai hilo nimelisikia hata kwa walimu. Nikiwa mwanaisimu, naomba kulipinga kwa mfano mmoja mgumu.

Katika maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, protoni hugonganishwa ndani ya njia ya duara yenye urefu wa kilomita 27. Chembe zitokanazo na mgongano huo hunaswa na vitambuzi vikubwa. Lakini kabla ya kujenga kitambuzi, wanafizikia hukiiga kwanza katika kompyuta. Programu itumikayo sana ni Geant4, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1998. Mtumiaji huieleza umbo la chombo na vitu vinavyokiunda: chuma, silikoni, gesi. Kisha programu hurusha chembe na kuifuata hatua kwa hatua. Katika kila hatua huamua kwa nasibu, mithili ya mrusha dadu, iwapo chembe itapoteza nishati, itapinda au itazaa nyingine. Zoezi hilo likirudiwa mara mamilioni, wataalamu hujua kitambuzi halisi kitarajiwe kuonyesha nini.

Je, msomaji, umekwama wapi? Chembe, nasibu, mgongano na nishati ni maneno yetu ya siku zote. Tena TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kiingereza chenyewe kilipopungukiwa, Murray Gell-Mann alichota neno "quark" mwaka 1964 katika riwaya ya James Joyce. Hakuna aliyekiita lugha maskini.

Geant4 hupatikana bila malipo, na hutumiwa pia kukadiria mionzi imfikiayo mgonjwa wa saratani. Mgonjwa huyo ana haki ya kuelezwa, kwa lugha aijuayo, kile kipitacho mwilini mwake. Atamweleza nani, iwapo daktari na mwanafizikia walijifunza kwa Kiingereza pekee? Walimu wafundishe kwa Kiingereza kama mtihani udaivyo, lakini wafafanue kwa Kiswahili pia. Lugha isiyotumiwa darasani haitapata maneno ya hospitalini.