JINSI YA KUJUA UMRI WA SAA

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usilolijua ni usiku wa giza. Nyumbani kwetu kuna saa ya mkono aina ya Bulova, ya kutia ufunguo. Nyanya husema babake alirudi nayo kutoka vita vya Burma mwaka wa 1945. Basi mjomba akapata mnunuzi wa "saa ya vita", na pesa hizo zingenilipia karo ya muhula. Nami nikaanza kuichunguza.

Wasomaji wapenzi, saa za zamani za Marekani zina cheti cha kuzaliwa, ila kimefichwa tumboni. Hazitumii betri. Ndani mna kamani, yaani utepe wa chuma unaokazwa kwa kuzungusha kifundo cha pembeni. Kamani hujikunjua polepole na kuyasukuma magurudumu.

Kwanza, tazama jina. Kampuni ya Elgin ilianza mwaka wa 1864, nayo Hamilton mwaka wa 1892 mjini Lancaster, Pennsylvania. Saa zao zina nambari iliyochongwa kwenye mitambo, nayo hulinganishwa na orodha za kiwanda ili mwaka ujulikane. Jihadharini! Nambari ya kwenye kifuniko si hiyo, kwani vifuniko vingi vilitengenezwa na kampuni nyingine.

Pili, Bulova za kuanzia 1950 zina herufi na tarakimu. L ni miaka ya hamsini, M ya sitini na N ya sabini. Kwa hivyo M3 ni 1963.

Tatu, linganisha kifuniko na mitambo. Mafundi hubadilisha vifuniko, kwa hivyo alama moja haitoshi.

Fundi wa saa alitufungulia yetu. Kifuniko, L6. Mitambo, L6. Kumbe ni ya 1956, miaka 11 baada ya vita!

Nilinyamaza siku mbili, maana karo ni yangu. Siku ya tatu nikasema. Mjomba alinuna. Mnunuzi alipoambiwa ukweli alishusha bei, nasi tukakataa kuuza. Nilidhani nyanya atalia, lakini alicheka kidogo akasema, "Mjukuu wangu, babangu Burma alikwenda. Hilo halikuandikwa ndani ya saa."

Karo bado nadaiwa, lakini saa ingali inatembea.

Mwanachama, Kidato cha Tatu