Jina Lililoandikwa Chini

Mwanafunzi ajifunzaye Kiingereza hukutana na maneno ambayo vipande vyake ni vyepesi, lakini maana yake imefichama. Mojawapo ni underwriter, jina la kazi katika mambo ya bima. Akiligawa, hupata "chini" na "mwandishi". Basi hudhani ya kuwa ni karani mdogo aliye chini ya karani mkubwa. Sivyo. Mtu huyu ndiye aamuaye kama bima itakubaliwa au itakataliwa. Ili kuijua maana ya jina lake, yafaa kuanza na bima yenyewe.

Katika milima ya Uluguru, wakulima wa Mgeta hulima kabichi, viazi na njegere. Mazao hupakiwa katika malori, yakateremshwa kwa barabara yenye makona mengi mpaka Morogoro, na mengine hupelekwa hadi Dar es Salaam. Wakati wa masika udongo huteleza, na lori laweza kupinduka bondeni. Nyumba ikiungua kijijini, jirani huyu huleta miti, yule huleta nyasi, na mwingine chakula. Msiba huwa mwepesi kwa kuwa umegawanywa. Lakini lori ni mali nyingi, nao majirani hawawezi kulilipa. Hapo ndipo bima ifaapo. Wenye malori wengi, hata wasiojuana, hutoa kila mmoja fedha kidogo, ziitwazo ada ya bima. Na katika fedha hizo aliyepatwa na hasara hulipwa fidia.

Sasa, jina lile lilitoka wapi? Lilitoka katika biashara ya vyombo vya baharini. Katika mji wa London, mnamo mwaka 1688, palikuwa na mkahawa wa mtu aitwaye Edward Lloyd. Manahodha, wenye merikebu na matajiri walikutana humo, wakinywa kahawa na kupashana habari za bahari. Mtu aliyetaka bima ya safari alileta karatasi iliyoandikwa jina la chombo, shehena yake, na bandari aendako. Karatasi ilipitishwa kwa matajiri. Aliyekubali aliandika jina lake chini ya maneno yale, pamoja na kiasi cha fedha alichokuwa tayari kulipa kama chombo kingezama. Mwingine aliandika chini ya huyo, na mwingine tena, mpaka thamani yote ikatimia. Chombo kikifika salama, kila mmoja alipata sehemu yake ya ada. Kikizama, kila mmoja alilipa sehemu aliyoiandikia, hata kama ilimpasa kuuza nyumba yake. Ndiyo sababu wakaitwa waandika chini.

Wasomaji wa Biblia wanalijua jambo lililo karibu na hili. Mtume Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, aliandika kwa mkono wake mwenyewe ya kwamba kama Onesimo ana deni lolote, yeye Paulo atalipa. Jina lililoandikwa chini ya ahadi si pambo, ni deni.

Siku hizi mwandika chini kwa kawaida ni mtu aliyeajiriwa na kampuni ya bima, na anayelipa hasara ni kampuni, si yeye. Lakini kazi yake ni ile ile ya kupima hatari. Chukua mfano wa malori 100, kila moja thamani yake shilingi 40,000,000. Akikisia kwamba kwa mwaka yatapotea mawili, zitahitajika shilingi 80,000,000 za fidia. Basi kila mwenye lori atatoa shilingi 800,000, mbali na gharama za kazi. Lakini akipokea bila kuangalia malori yenye breki mbovu, yakapotea matano, zitahitajika shilingi 200,000,000, naye alikusanya 80,000,000 tu. Wenye kupatwa watakosa haki yao kwa uzembe wake. Kwa hiyo huuliza maswali mengi: lori lina umri gani, linapita njia ipi, dereva ni nani? Kuuliza kwake si ukaidi, ni kuilinda akiba ya wote.

Yafaa pia kumtofautisha na wenzake. Wakala wa bima huuza bima kwa niaba ya kampuni. Dalali wa bima humtafutia mnunuzi kampuni ifaayo. Mkadiri hasara huja baada ya ajali, akapima kiasi kilichoharibika. Mwandika chini hutangulia ajali: yeye hupima jambo ambalo halijatokea bado.

Katika Tanzania, Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963. Mwaka 1967 kazi ya bima iliwekwa mikononi mwa serikali, hata sheria ya mwaka 1996 ilipofungua tena mlango kwa makampuni ya watu binafsi. Sheria ya mwaka 2009 iliunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo hutoa leseni kwa makampuni, mawakala na madalali.

Basi mwenye lori wa Mgeta apewapo hati ya bima, na asome mambo mawili. Kwanza, jina lililo chini: je, ni la kampuni yenye leseni? Pili, maneno yaliyo juu ya jina hilo. Bima ambayo watu huiita "ndogo" hulipa madhara waliyopata watu wengine kwa ajili ya gari lake. Haimlipi lori lake mwenyewe likianguka bondeni. Kwa hilo lazima akate bima "kubwa". Wengi huyajua haya baada ya msiba, na majuto ni mjukuu.

Naye atiaye jina ana wajibu wake. Tarehe 18 Aprili 1906 tetemeko la nchi na moto viliuharibu mji wa San Francisco, Marekani. Cuthbert Heath, mwandika chini mashuhuri wa London, alimwagiza wakala wake awalipe kikamilifu wote wenye hati zake, bila kubishana nao juu ya masharti. Alipata hasara kubwa, lakini watu walizidi kuliamini jina lake.

Kuandika jina ni kazi ya dakika moja. Kulilipia ndiyo kazi yenyewe. Na mwenye busara hupima kwanza, ndipo akaandika.