Kura Hubaki Pale Jina Lilipo



Kila baada ya uchaguzi, tunapotembelea sharika, tunaulizwa swali moja: je, mkoa wa Tabora ni wa chama gani? Jibu lake si gumu. Tangu vyama vingi virejeshwe mwaka 1992, majimbo mengi ya mkoa huu yamechagua wabunge wa CCM, ingawa si mara zote. Mwaka 2015, kwa mfano, Kaliua walimchagua mbunge wa CUF. Lakini lipo swali la pili ambalo ni nadra kuulizwa, nalo lina uzito zaidi kwa kamati zetu: waliochagua walikuwa wangapi?

Mfano wa Igunga

Tarehe 2 Oktoba 2011 ulifanyika uchaguzi mdogo wa ubunge Igunga. Kampeni zilikuwa kali na viongozi wakubwa wa vyama walipiga kambi pale. Mgombea wa CCM alishinda kwa kura 26,484 dhidi ya 23,260 za mgombea wa CHADEMA. Tofauti ilikuwa kura 3,224 tu.

Waliojiandikisha katika jimbo lile walizidi 170,000, lakini waliopiga kura hawakufika 54,000. Maana yake ni kwamba mshindi alichaguliwa na chini ya mtu mmoja kati ya kila sita walioandikishwa. Zaidi ya watu 115,000 hawakusema lolote. Kwa hiyo tunaposema "Igunga ni ya chama fulani", tunazungumzia mwelekeo wa waliofika kituoni. Mwelekeo wa wasiofika hatuujui.

Kwa nini hawafiki?

Wengine hukata tamaa, hilo ni kweli. Lakini ipo sababu nyingine ambayo watu wa mkoa huu wanaifahamu vizuri. Sisi ni watu wa njia. Enzi za misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, wapagazi wa Kinyamwezi walikaa miezi mingi mbali na nyumbani. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 mizigo ilihamia kwenye mabehewa, lakini watu hawakuacha kusafiri. Hata leo familia huhamia Urambo au Kaliua kulima tumbaku, wafugaji hufuata malisho na maji, na vijana huenda migodini Kahama na Geita.

Kura haisafiri hivyo. Mpiga kura anapaswa kupiga kura katika kituo alichojiandikisha. Akihama, ni lazima ahamishe taarifa zake wakati Tume inapoboresha Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Asipofanya hivyo, siku ya uchaguzi yeye yuko shambani Kaliua na jina lake limebandikwa ukutani Nzega. Tena uchaguzi mkuu huwa Oktoba, wakati mkulima wa tumbaku anahangaika na vitalu na kuandaa shamba kabla ya mvua. Safari ya siku mbili kwa ajili ya kura moja ni gharama kubwa kwake.

Tusome asilimia kwa uangalifu

Kitaifa, waliojitokeza walikuwa kama asilimia 72 mwaka 2005, asilimia 43 mwaka 2010, asilimia 67 mwaka 2015 na asilimia 51 mwaka 2020. Anguko la 2010 halikutokana na uvivu peke yake. Daftari lilikuwa bado na majina ya marehemu na ya watu waliohama, na daftari likijaa majina yasiyo na watu, asilimia hushuka. Kwa ajili ya mwaka 2015 wananchi waliandikishwa upya kwa alama za vidole.

Asilimia kubwa nayo, ikiwa peke yake, haitoshi kuwa ushahidi. Oktoba 2025 Tume ilitangaza kuwa karibu asilimia 87 walipiga kura. Hata hivyo CHADEMA haikushiriki, kulitokea ghasia na vifo, na waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC walieleza kuwa uchaguzi huo haukufikia viwango vyao. Idadi ya watu kituoni ina maana pale tu mwananchi anapokuwa na wa kuchagua, na kura yake ikahesabiwa kwa haki.

Somo lililotoka Tabora

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora. Ajenda ilikuwa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na masharti ya elimu au kipato yaliwatoa nje Waafrika wengi. Wajumbe wengi walitaka kususia. Mwalimu Nyerere aliwashawishi washiriki, na katika uchaguzi wa 1958 na 1959 wagombea waliokuwa wakiungwa mkono na TANU walishinda. Uamuzi ule ukaitwa Uamuzi wa Busara. Waliokuwa na haki ya kura walikuwa wachache, nao waliitumia.

Kamati ifanye nini?

Usharika haumwelekezi mtu chama. Kazi yetu ni elimu ya uraia:

1. Daftari linapoboreshwa, tangazeni tarehe ibadani na katika mitaa yote, na mwulizeni kila mgeni aliyehamia kama amehamisha taarifa zake.
2. Familia zilizofiwa zishauriwe kutoa taarifa ili jina la marehemu liondolewe.
3. Fafanueni kwamba uchaguzi wa vijiji na vitongoji una orodha yake. Kadi ya mpiga kura peke yake haimwingizi mtu katika orodha hiyo.

Kwa wafadhili wetu: fedha za elimu ya uraia zinazofika miezi miwili kabla ya uchaguzi huwa zimechelewa, kwa sababu daftari limeshafungwa. Uchaguzi mkuu ujao ni mwaka 2030. Kazi ya kuutayarisha ni ya sasa, mtu akiwa bado anakumbuka alikojiandikisha.