Kigari cha Kujifunzia Kutembea: Je, Mtoto Anakihitaji?

Mzazi ambaye mtoto wake ametimiza miezi 7 au 8 huanza kusikia swali lile lile kutoka kwa ndugu na majirani: je, ameshasimama? Ni katika kipindi hicho ambapo wengi huingia dukani kununua kigari cha kujifunzia kutembea, yaani kile chenye kiti cha kitambaa katikati, magurudumu chini na meza ndogo ya michezo mbele. Muuzaji husema kwamba kitamwimarisha mtoto miguu na kumwezesha kutembea mapema. Madai hayo si ya kweli, na mlaji anastahili kujua sababu kabla hajatoa fedha zake.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya utafiti uliofuatilia watoto wenye afya njema katika nchi za Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Watoto hao walianza kukaa bila kushikiliwa kati ya takriban miezi 4 na 9, kusimama bila kushika kitu kati ya miezi 7 na 17, na kutembea wenyewe kati ya miezi 8 na 18 kasoro kidogo. Takriban wanne katika kila mia hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Kwa hiyo mtoto wa jirani aliyetembea akiwa na miezi 10, na wako anayesimama dede akiwa na miezi 14, wote wako katika hali ya kawaida.

Kutembea si kazi ya miguu peke yake. Mtoto anayejivuta kwenye kochi, akasimama, akayumba na kuanguka kitako, anajifunza kuhimili uzito wake na kurejesha mizani anapoipoteza. Kuanguka huko, ambako humtia mzazi simanzi, ndiko kujifunza kwenyewe. Kigari humwondolea kazi hiyo: kiti hubeba uzito wake, naye husukuma sakafu kwa ncha za vidole, huku meza ya mbele ikimzuia kuziona nyayo zake. Uchunguzi wa watoto 109 uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1999 ulionyesha kuwa waliotumia vigari walichelewa kukaa, kutambaa na kutembea kuliko wasiovitumia.

Hata hivyo, hasara kubwa si fedha wala kuchelewa. Mtoto aliye ndani ya kigari aweza kwenda zaidi ya mita moja kwa sekunde moja. Mlezi aliye hatua chache tu humwona, lakini hamwahi. Nchini Marekani, kati ya mwaka 1990 na 2014, zaidi ya watoto 230,000 wenye umri usiofikia miezi 15 walitibiwa hospitalini kutokana na ajali za vigari hivi. Wengi mno waliumia kichwa au shingo, na takriban robo tatu waliporomoka kwenye ngazi. Nyumba zetu nyingi hazina ghorofa, lakini zina vizingiti, baraza zenye ngazi mbili tatu, jiko la mkaa na birika la chai juu ya stuli. Kigari humfikisha mtoto penye vitu hivyo kabla hajajua kuviogopa. Kanada ilipiga marufuku kuviingiza, kuviuza na kuvitangaza tangu Aprili 2004, hata vilivyokwisha kutumika.

Anachohitaji mtoto ni mkeka safi, sakafu isiyoteleza, benchi zito la kujishikizia na mtu wa kumwangalia. Ndani ya nyumba mwache pekupeku. Viatu vigumu havimsaidii.

Mpeleke kliniki, pamoja na kadi yake, iwapo hajaweza kukaa mwenyewe akiwa na miezi 9, hajatembea akiwa na miezi 18, hutumia zaidi upande mmoja wa mwili, au ameacha jambo alilokwisha kuliweza. Usisubiri kigari kimsaidie.

Ikiwa tayari unacho nyumbani, usikiuze wala kumpa jirani. Ng'oa magurudumu, kata kitambaa cha kiti, ndipo ukitupe.